Kiini cha transfo cha mabati ya kukunjwa: ni sehemu gani inayoweza kupewa breve, yaani hataza ya uvumbuzi?

Swali limetoka kwa fundi wa bobinaji (kuzungusha nyaya za koili) wa Katuba, Lubumbashi:

"Papa Injeniere, jambo. Niko na atelie ndogo ya kutengeneza transfo zilizoungua, za kVA 25 mpaka 100. Tole (bati la kiini) mpya ni bei kali, kwa hiyo tunatumia zile tunazotoa ndani ya transfo za zamani. Zamani tulikuwa tunazungusha tole na kuzigonga mpaka zishike umbo. Sasa tunakunja kila tole peke yake kwenye mashine ya kukunjia, na kila kona tunaipa mikunjo miwili ya digrii 45. Kabla ya kukunja tunapasha moto ule mstari wa kukunjia. Halafu upande wa tole ambao rangi yake imechubuka, tunauweka ndani siku zote. Transfo haivumi sana tena, na wati zinazopotea bure zimepungua. Rafiki ananiambia Wajapani wana breve ya kitu hiki. Je, naweza kupata breve yangu? Na kama yao ipo, mimi niko katika makosa? Kuna mteja anangojea transfo tatu mwezi ujao."

Ndugu fundi, umeuliza juu ya kiini kimoja, lakini ndani yake umefanya mambo matatu, na sheria itayaangalia moja moja kabla ya kuyaangalia pamoja. Kona ya mikunjo miwili si mpya. Kupasha moto kabla ya kukunja nako kumekwisha kuandikwa na wengine. Lile la tatu, la uso uliochubuka, ndilo lililonifanya nisome barua yako tena, na wewe umelitaja kama jambo dogo la mwisho.

Tuanze na chuma chenyewe. Bati unalokunja lina silikoni karibu asilimia 3, na chembe zake za fuwele zimelazwa upande mmoja. Njia ya kulitengeneza ilipewa hataza Marekani mwaka 1934 kwa jina la Norman Goss. Sumaku hupita humo kwa urahisi ikifuata mwelekeo ambao bati liliviringishwa kiwandani, na ikikatisha huo mwelekeo inapata taabu. Ndiyo maana kiini cha kuzungushwa kinapendwa kwa transfo za mitaani: bati linaizunguka koili, na sumaku inabaki kwenye mwelekeo wake pande zote nne. Taabu inabaki kwenye kona.

Kwenye kona bati linaumia, na kiasi cha kuumia kinaweza kukadiriwa kwa kalamu. Chukua unene wa bati, ugawe kwa mara mbili ya nusukipenyo ya ndani ya mkunjo ukijumlisha unene huohuo. Bati la milimita 0.23 likikunjwa kwa nusukipenyo ya milimita 1, ngozi yake ya nje inavutwa kwa asilimia 10 hivi. Kwa milimita 3 inavutwa asilimia 3.7, na kwa milimita 5 asilimia 2.2. Ukikunja kwa ukali, sehemu inayoumia ni fupi lakini inaumia sana, na rangi ya kuhami inapasuka. Ukikunja kwa upole, rangi inapona lakini sehemu iliyoumia inakuwa ndefu. Kati ya hizo mbili kuna mahali pazuri, na kila anayekunja bati anapatafuta.

Njia ya zamani viwandani ilikuwa kuzungusha bati, kulikandamiza lipate umbo la mstatili, kisha kuliingiza kwenye tanuru la digrii 800 hivi ili chuma kisahau maumivu yake. Kukunja bati moja moja kulikuja ili hata tanuru liweze kuachwa. Kampuni ya AEM ya Australia imeuza kwa miaka mingi mashine za kutengeneza viini vya namna hiyo vinavyoitwa Unicore, na kona za mikunjo miwili ya digrii 45, au mitatu ya 30, ni kitu cha kawaida humo. Nippon Steel na JFE, kampuni za chuma za Japani, nazo zimeweka maombi mengi ya hataza juu ya viini vya kukunjwa. Rafiki yako hakukudanganya.

Sasa angalia jinsi Wajapani walivyoandika, maana humo kuna somo kwako. Wangeweza kuandika tu, "tunapasha bati moto, kisha tunakunja." Hilo ni dai (maneno ya ombi yanayotaja kitu unachotaka kilindwe) la njia ya kazi, na ni gumu kulinda: nani ataingia kwenye atelie yako usiku kuona kama ulipasha moto? Wao walitafuta alama ambayo moto unaiacha ndani ya chuma. Bati la silikoni likikunjwa baridi, ndani ya mkunjo hutokea mistari myembamba ambamo fuwele imegeuka ikawa kama sura yake kwenye kioo. Wataalamu huiita pacha za fuwele. Ukikata mkunjo, ukausugua uwe laini, ukaupaka asidi nyepesi na kuutazama kwa hadubini, unaiona na unaweza kuihesabu. Bati likiwa na joto, pacha hupungua, na upotevu wa umeme hupungua pamoja nazo. Kwa hiyo dai likawa juu ya kiini chenyewe: kiini ambacho mikunjo yake ina nusukipenyo ya ndani ya milimita 1 mpaka 5, na pacha zisizozidi idadi fulani. Mtu akinunua transfo ya mshindani, anaikata na kuhesabu. Ushahidi uko ndani ya chuma.

Hapo sheria inaanza kubana, kwao na kwako. Karibu kila nchi inauliza mambo yaleyale matatu: kitu ni kipya? Kina hatua ya uvumbuzi, yaani fundi mzuri wa kawaida asingekifikia bila jasho? Kinaweza kutumika viwandani? La tatu halina shida kwa transfo, tuliache.

Upya unaangaliwa kwa ukali usiojali nia. Tuseme unadai nusukipenyo ya milimita 2 mpaka 4. Ikiwa kuna karatasi moja tu ya zamani, au transfo moja tu iliyouzwa zamani, yenye mkunjo wa milimita 3 pamoja na sifa zako nyingine zote, dai lako limekufa, hata kama mwenye transfo hiyo hakujua faida yake. Vipimo vipya vya kitu cha zamani havikifanyi kuwa kipya. Ofisi ya hataza ya Ulaya imekubali kwamba unaweza kuchagua kipande kidogo ndani ya kipimo kilichojulikana, lakini kipande hicho kiwe chembamba, kiwe mbali na mifano iliyokwisha kutajwa, na ukitaka kionekane ni uvumbuzi, kionyeshe tokeo ambalo pande zake za kushoto na kulia hazina. Marekani nako, tangu kesi ya Aller ya mwaka 1955, mahakama husema kwamba kutafuta kipimo bora kwa majaribio ya kawaida, wakati njia yenyewe inajulikana, si uvumbuzi. Mikunjo yako ya 45 inaangukia hapo, na mimi nisingeitolea hata franka moja.

Joto nalo lina hali ngumu. Kama unapasha moto ili pacha zipungue, wenzako wamekwisha kuandika. Kama unapasha kwa namna ambayo wao hawakuitaja, mfano mstari mwembamba tu huku bati lote likibaki baridi, huenda pana nafasi, lakini utalazimika kuonyesha kwamba mstari mwembamba unaleta kitu ambacho kupasha eneo lote hakukileti. Kusema unatumia mkaa kidogo ni faida ya mfuko wako, na ni halali, ila mkaguzi wa ofisi ya hataza atasema fundi yeyote angeliwaza hilo.

Basi tuje kwenye uso uliochubuka.

Kampuni kubwa zinakunja bati jipya. Rangi yake ni nzima pande zote mbili, na shida yao ni kuilinda isipasuke kwenye mkunjo. Wewe unakunja bati lililokaa miaka ndani ya mafuta, likaungua, likatolewa kwa bisibisi na nyundo. Rangi yake imekufa upande mmoja. Shida yako ni kwamba mabati mawili yakigusana uso uliochubuka kwa uso uliochubuka, umeme unavuka kutoka bati moja kwenda jingine, mkondo wa mzunguko unakua, kiini kinapata joto. Hii ni shida tofauti. Wakaguzi wa Ulaya wanapopima hatua ya uvumbuzi, wanaanza kwa kuuliza: kitu kilichojulikana kilicho karibu zaidi ni kipi, tofauti ni ipi, na tofauti hiyo inatatua shida gani? Mwenye shida ambayo wengine hawakuwa nayo ana uwanja wake mwenyewe. Kwa hiyo breve yako, kama ipo, iko kwenye kiini kilichotengenezwa kwa bati lililotumika, ambamo kila bati limelazwa kwa mpangilio mmoja ili uso mzima wa bati moja ukutane daima na uso uliochubuka wa jirani yake.

Lakini hapa nina swali kali kwako. Unasema unauweka ndani. Je, faida inatoka kwa kuwa ndani, au kwa kuwa mabati yote yametazama upande mmoja? Ukiyageuza yote, uso uliochubuka ukawa nje kila mahali, bado kila mgusano utakuwa wa mzima kwa mchubuko. Tofauti moja inabaki: ngozi ya nje ya mkunjo inavutwa na rangi yake inapasuka, ya ndani inabanwa. Huenda upande una maana, huenda hauna. Hili huwezi kulijibu kwa mdomo, na jibu lake linaamua upana wa breve. Kama upande hauna maana, dai lako linakuwa pana: mpangilio mmoja, wowote. Ukiandika "ndani" peke yake, jirani yako wa komini ya Kenya au Kamalondo atayageuza mabati na kukucheka kihalali.

Kwa hiyo tengeneza viini vitatu kutoka kwenye transfo moja ya zamani, uzito uleule, mikunjo ileile, joto lilelile: kimoja mchubuko ndani, kimoja mchubuko nje, kimoja mabati yamechanganywa ovyo. Ukipata bati la kutosha, rudia kwa transfo nyingine ambayo rangi yake imechakaa zaidi, na nyingine iliyochakaa kidogo. Unatafuta kujua mpangilio unaanza kusaidia wapi na unaacha kusaidia wapi.

Kupima ndiko mafundi wengi wanakoharibu dosie (faili la ombi) zao. Unapima upotevu bila mzigo: unalisha upande wa volti 400, upande wa voltage kubwa unabaki wazi, unasoma wati. Upande ule ulio wazi una maelfu ya volti. Uzungushie kamba na mtu asikaribie. Kisha angalia voltage yenyewe. Umeme wa mtaani kwetu haukai mahali pamoja. Upotevu wa kiini unakwenda karibu na mraba wa voltage, na chuma kikikaribia kushiba sumaku unakwenda haraka zaidi ya hapo. Voltage ikishuka kutoka 400 hadi 380, ambayo ni asilimia 5 tu, wati zinashuka karibu asilimia 10 bila wewe kuvumbua chochote. Ukiwa umepima kiini cha zamani asubuhi voltage ikiwa nzuri, na kipya jioni watu wote wakipika, utaniletea asilimia 10 ya SNEL, shirika la umeme, ukidhani ni yako. Tumia transfoma ya kurekebisha voltage, andika volti na wati kila unaposoma, badilisha zamu ya viini, na pima kila kimoja mara nyingi. Gawa wati kwa kilo za kiini. Uvumi wa sauti usiutie kwenye dai. Utaje kwenye maelezo kama jambo lililoonekana.

Usione wati chache kuwa ndogo. Transfo haizimwi mteja anapolala. Wati 20 zikipungua kwenye kiini kimoja, kwa saa 8,760 za mwaka ni kilowati-saa 175 hivi.

Kuna jambo la upana ambalo linaumiza hata makampuni. Mahakama ya juu ya mali ya akili ya Japani, katika uamuzi wa tarehe 11 Novemba 2005 juu ya utando wa kuchuja mwanga, ilikataa hataza iliyodai eneo pana kwa hesabu ya vipimo huku mifano iliyoonyeshwa ikiwa michache mno kulibeba eneo hilo. Bodi ya rufaa ya ofisi ya hataza ya Ulaya, katika uamuzi T 939/92 wa mwaka 1995, ilisema kitu cha jamaa yake: faida unayoitegemea lazima iaminike kwa kila kitu kilicho ndani ya dai lako. Kwako maana yake ni hii: ukidai "bati lolote lililotumika", mkaguzi atauliza kuhusu bati ambalo rangi imekufa pande zote mbili, na hapo mpangilio wako hausaidii kitu. Liondoe mwenyewe kabla hajaliona. Andika kwamba uso mmoja una ukinzani wa kuhami mkubwa kuliko mwingine, eleza jinsi unavyoupima, na weka kiasi.

Kabla ya kulipa wakala, tafuta mwenyewe. Espacenet, hazina ya hataza kwenye mtandao, ni bure na inafunguka hata kwenye simu. Usitafute kwa maneno tu, kwa sababu kila mwandishi ana maneno yake. Tafuta kwa namba za madaraja. H01F 27/2455 ni viini vya mabati yaliyokunjwa, na H01F 41/024 ni utengenezaji wa viini kwa mabati yaliyobadilishwa umbo. Soma madai, na usome pia mifano, hasa ile ya kulinganisha iliyoandikwa kuwa mibaya: mara nyingi kitu unachodhani ni chako kimelala humo kama mfano mbaya wa mtu mwingine, na hicho nacho kinaua upya.

Sasa swali la makosa. Hataza inaishi ndani ya mipaka ya nchi iliyoitoa. Hataza ya Japani haina nguvu Katuba. Nchini kwetu sheria ni ile namba 82-001 ya tarehe 7 Januari 1982 juu ya mali ya viwanda, na dosie zinapita kwenye wizara ya Viwanda kule Kinshasa. Sheria hiyo inajua hataza za aina tatu: ya uvumbuzi, ya uingizaji kwa kitu ambacho tayari kina hataza nje, na ya uboreshaji. Kwa hiyo la kuuliza ni kama kampuni yoyote imesajili kiini cha namna hii Kinshasa, ya uvumbuzi au ya uingizaji. Kama hakuna, kila kilichoandikwa kwenye karatasi za Wajapani ni darasa la bure kwako, na ninakushauri usome na utumie. Kama unafikiria kuvusha transfo mpakani Kasumbalesa kwenda kuuza Zambia, hesabu inaanza upya, maana Zambia iko ndani ya ARIPO (shirika la mali ya akili la nchi kadhaa za Afrika) na pia ndani ya mkataba wa kimataifa wa hataza, na waombaji wa nje wana njia rahisi za kufika huko. Angalia daftari la huko kabla ya lori kuondoka.

Kongo imo kwenye Mkataba wa Paris wa mali ya viwanda. Ukiweka ombi Kinshasa, unapata miezi 12 ya kuweka ombi hilohilo katika nchi nyingine wanachama ukihesabiwa tarehe ya kwanza. Miezi hiyo itumie kupima zaidi na kutafuta fedha. Ila kilichomo kwenye karatasi ya kwanza ndicho kinacholindwa na tarehe ya kwanza. Kipimo ulichoongeza mwezi wa nane hakirudi nyuma.

Ukihitaji vyombo bora vya kupimia, au hadubini ya kuona mikunjo, wagongee watu wa Politekniki ya UNILU, Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Lakini kabla ya kuwafungulia mdomo, sainini karatasi ya kutunza siri, yenye tarehe, hata kama mkuu wa maabara ni shemeji yako. Kumwonyesha mtu asiyefungwa na siri kunaweza kuhesabiwa kuwa umekitangaza kwa dunia. Japani na Marekani zinamsamehe mvumbuzi aliyejitangaza mwenyewe kama ataweka ombi ndani ya miezi 12. Ulaya haina msamaha huo kwa mtu aliyeuza tu.

Na hapo ndipo mteja wako anapoingia. Usimuuzie zile transfo tatu zikiwa na mpangilio huo kabla dosie haijapokelewa na kupigwa tarehe. Bodi kubwa ya rufaa ya ofisi hiyo ya Ulaya ilikwisha kusema mwaka 1992, katika uamuzi G 1/92, kwamba kitu kikishafika mikononi mwa watu na mtaalamu anaweza kukifungua na kukichunguza, muundo wake umejulikana, hata kama hakuna aliyewahi kukifungua. Transfo yako inafunguliwa kwa spana. Kama mteja hawezi kungoja, mtengenezee viini vya kuzungusha na kugonga kama zamani, umwambie ukweli kwamba vitavuma kidogo zaidi, na umpunguzie bei.